Miaka sita ya ushauri elekezi, sasa natakiwa kutoka: benki, kiwanda cha korosho au nijiajiri?

Slaidi ya Mwisho:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni wale wa kusoma na kupita, ila leo yamenifika.

Nina miaka 32, nimeolewa, mtoto mmoja anaanza la kwanza Januari. Miaka sita nimefanya kazi kwenye kampuni ya ushauri elekezi hapa Dar, jina tuliache. Kwa asiyeijua kazi hii: taasisi ina tatizo, inatuita, tunakaa nao wiki nane mpaka kumi na mbili, tunahoji watu, tunachambua hesabu, tunawasilisha slaidi kwa wakubwa, tunaaga. Nimepita benki, hospitali, mbolea, bandari. Mkiniuliza nini kilitokea tulipoondoka, kwa sehemu kubwa sijui.

Mwaka jana nilifika ofisi ya mteja wa zamani kwa shughuli nyingine. Nikaikuta ripoti yetu, ile tuliyoikesha, imewekwa chini ya printa ili printa isitikisike. Nilicheka nao pale. Nilipofika kwenye gari sikucheka tena.

Kampuni hizi ni panda cheo au toka. Mwezi uliopita niliambiwa kwa upole sana kwamba "tutakusaidia upate sehemu nzuri". Watu wazima tunaelewana. Nimepewa miezi minne.

Kuna benki inataka niwe meneja wa mikakati, milioni 6 mkononi na bima ya familia. Kuna kiwanda cha kubangua korosho Mtwara, mali ya familia moja, wanataka meneja wa uzalishaji: milioni 3.2 na nyumba. Sasa hivi napokea 4.8. Na wenzangu wawili wanasema tufungue kampuni yetu wenyewe. Moyo uko Mtwara, daftari la matumizi liko benki. Nishaurini.

Mtoto wa Ilala:
Dada, ungeweka kwenye slaidi tungekuelewa haraka 😂

Chukua benki. Korosho ni siasa. Umesahau 2018? Wanunuzi waligoma bei, Serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likatumwa kusomba. Meneja wa kiwanda utamwambia nini mwanajeshi? Halafu shemeji anasemaje, maana hilo hujalisema.

Mhasibu Mstaafu:
Mwanangu, kabla ya kusaini benki uliza jambo moja tu: chini yako kuna bajeti ya nani? Kama hakuna tawi, hakuna mikopo, hakuna hata gari linalosubiri sahihi yako, basi ulikuwa unatengenezea slaidi watu wengi, sasa utamtengenezea mkurugenzi mmoja. Nimekaa benki miaka 27. Mameneja wa mikakati niliowaona wakibadilika kila mkurugenzi alipobadilika ni wengi kuliko vidole vyangu.

Hilo la kujiajiri sikukatazi, ila fahamu kwamba uzoefu mnaojivunia ni wa kampuni, si wenu. Mtafungua NeST, ule mfumo wa Serikali wa zabuni mtandaoni, mtakuta zabuni inadai hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita na kazi tatu zinazofanana na hiyo. Mtazitoa wapi? Mteja akiwalipa anakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwanza, na analipa anapotaka yeye. Mkiwa na mteja mmoja wa uhakika mkononi, fungueni. Mkiwa na nembo nzuri tu, subirini.

Kipanga wa Nai:
Dadangu, mimi huku Nairobi nilitoka kampuni kama yenu 2019, nikaingia kampuni ya kusambaza vyakula. Wiki ya kwanza nilichora ubao mzima namna ya kupanga magari. Mama wa stoo akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama najua kwamba lori la tatu haliwaki bila kusukumwa. Sikujua. Miezi sita hakuna aliyeniamini, na walikuwa na haki.

Watu hupenda kututajia kina Sundar Pichai wa Google na Indra Nooyi aliyekuwa PepsiCo, kwamba walitoka kwenye ushauri wakawa wakuu. Ni kweli, lakini angalia miaka. Nooyi aliingia PepsiCo 1994 upande wa mikakati, huo huo unaopewa wewe, akapitia ukuu wa fedha, ndipo akawa mkuu 2006. Kwa hivyo benki si mbaya, bora waandike lini utahamia mahali penye hesabu zako mwenyewe. Wakikwambia "tutaona huko mbele", hakuna kitu hapo.

Mwana Newala:
Naona wote mnaongelea korosho kwa mbali. Nimekaa kiwandani miaka tisa, nikuambie dada unakoenda.

Mnada unaanza Oktoba, ikifika Januari zimebaki za kuokoteza. Kiwanda kinataka kubangua mwaka mzima. Maana yake ndani ya miezi mitatu hiyo ununue mzigo wa miezi kumi na mbili, kwa mkopo, na riba inatembea korosho zikiwa zimelala ghalani. Viwanda vingi vimefia hapo, si kwenye mashine. Na mnadani unashindana na mnunuzi anayepakia ghafi kwenda India au Vietnam. Yeye halipi wabanguaji hata mmoja hapa.

La pili ni mavuno ya kiini. Kilo 80 za ghafi zikikupa ratili 50 za kiini (ratili haifiki nusu kilo), umenunua vizuri. Zikikupa 46, umeliwa. Ratili nne unaweza kuziona ndogo, ila piga kwa tani elfu moja: zaidi ya tani 22 za kiini zimeyeyuka, na wewe ulishalipa. Kijana wa sampuli akiwa mvivu, au akiwa na rafiki kwenye ghala, hakuna slaidi itakayokuokoa. Hapo bado hujaongelea zinazovunjika. Nzima na kipande zinatoka kwenye tunda moja, bei mbalimbali.

Kwa hiyo kwenye mkataba usipigane na mshahara. Pigania haya: wewe ndiye unayekubali au kukataa mzigo, na bonasi yako ifuate mavuno ya kiini, si faida ya mwisho wa mwaka, maana faida ya kiwanda cha familia inajulikana na familia. Omba hesabu za misimu mitatu. Mjue anayesaini hundi na anayemsikiliza nyumbani. Wakikataa kukuonyesha, kaa benki.

Na kabla ya yote omba wiki mbili uje uone. Bila mshahara kama ni lazima.

Mtoto wa Ilala:
Nafuta kauli yangu kuhusu jeshi, huyu anaijua kazi. Lakini shemeji bado.

Slaidi ya Mwisho:
Kaka Mwana Newala, miaka sita nimelipwa kuandika maelezo marefu, hakuna aliyewahi kuniandikia mimi hivi. Asante sana.

Mhasibu, shikamoo. Nimewauliza benki swali lako leo mchana. Wamesema bajeti "ni ya pamoja". Nimekuelewa.

Shemeji yenu amekubali msimu mmoja, mtoto abaki Tabata kwa bibi yake mpaka Juni, halafu tutazame. Hakufurahi, siwadanganyi. Wenye kiwanda wamekubali wiki mbili, hesabu za misimu miwili wamezituma, wa tatu wanasema "unatafutwa". Naondoka Jumapili na basi la asubuhi. Nije na nini?

Mwana Newala:
Huo msimu unaotafutwa ndio uanze nao. Uliza ukiwa ghalani, si ofisini.

Njoo na viatu vya kufunika na nguo usizozionea uchungu. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na ukishika kiini kwa vidole vyenye mafuta hayo akina mama watakufukuza mezani siku ya kwanza. Kompyuta iache kwenye begi.