Naomba ushauri: wanafunzi wanabonyeza tu, programu inafikiri badala yao

Wakuu, salaam. Nasimamia maabara ya uhandisi, shahada ya kwanza. Tangu tuanze kukusanya vipimo kwa LabVIEW (programu ya kompyuta ya kupokea na kuchora vipimo), grafu zinatoka safi, ila uelewa umeshuka.

Juzi kundi moja limepima mtetemo wa hezi 60 huku likichukua sampuli 50 kwa sekunde. Sampuli hizo ni chache mno kwa mtetemo huo, hivyo kompyuta ikawaonyesha hezi 10 za uongo, nao wakaandika 10 kwenye ripoti bila hata kushtuka! Wengine wameunga thamokapo (kihisi cha joto) ya aina ya K moja kwa moja kwenye kadi ya kupokea vipimo ya kompyuta, ya biti 12, volti 0 hadi 10. Hatua moja ya kadi hiyo, yaani badiliko dogo kabisa inaloweza kuonyesha, ni kama milivolti 2.4, na thamokapo hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Yaani joto lipande nyuzi 60 hivi ndipo namba isogee. Wao wakasema kihisi kibovu.

Nawaza waanze na multimita, kalamu na karatasi, programu ije baadaye. Mwenzangu anasema nawarudisha nyuma, labda. Kinachonisumbua zaidi: niwape programu iliyokwisha kuundwa, au waiunde wenyewe ndani ya kipindi cha saa 3? Mliofundisha hivi, mlianzaje?