Nimegomea mitandao ya kijamii miaka yote, sasa nataka kuingia kwa masharti yangu

Mkaidi wa Pugu

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Mimi ni wa simu ya kupiga na meseji za kawaida, basi. Hoja zangu mnazijua: umbea, matapeli, bando kuyeyuka, na makampuni yanayomjua mtu kuliko mkewe anavyomjua. Hata moja sijaiacha. Lakini tangazo la kikao cha wazazi siku hizi linatoka WhatsApp tu, michango ya harusi na misiba inapangwa huko, na ndugu walioko Uingereza wameacha kupiga simu ya kawaida. Asiye kwenye grupu anapata habari watu wakishatoka makaburini.

Simu ni Android, hifadhi GB 32, bando la wiki. Nauliza: WhatsApp inawezekana bila Facebook? Nifunge nini kabla mtu yeyote hajajua nimefika? Na Facebook yenyewe ina maana yoyote kwa mtu kama mimi? Tafadhali msiniambie "dunia imebadilika mzee". Niambieni menyu gani, na kwa nini.

Spana Kumi

Karibu mzee wangu, na huo ukaidi usiuache mlangoni.

WhatsApp inajitegemea. Inataka namba ya simu, haitaki akaunti ya Facebook. Mwenye mali ni mmoja tangu 2014, hilo ulijue mapema. Maneno ya meseji yamefungwa kutoka simu hadi simu tangu 2016, kwa hiyo kampuni haiyasomi. Inachokiona ni nani anawasiliana na nani, saa ngapi, na kwa simu ya aina gani. Hakuna kitufe cha kulizima hilo. Kama haliwezekani kwako, ishia hapa hapa.

Pakua kutoka Play Store peke yake. Zile WhatsApp za rangi rangi zinazorushwa kwa linki si za kampuni. Namba yako inaweza kufungiwa, na aliyezitengeneza humjui. Ukiingiza namba yako zitakuja tarakimu sita kwa meseji. Hizo ndizo ufunguo wa akaunti. Tapeli wa WhatsApp wala hahitaji utaalamu: anaandika namba yako kwenye simu yake, tarakimu zinakuja kwako, kisha unapata ujumbe kutoka akaunti ya rafiki yako ambayo ameshaiteka: "Samahani, nimekosea, kuna namba sita zimekuja kwako, nirushie." Ukizirusha, umeshatolewa, na yeye anaanza kuwakopa ndugu zako kwa jina lako.

Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya kumsalimia mtu yeyote, ni Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Unaweka PIN ya tarakimu sita ya kwako mwenyewe. Mwenye namba zile sita za meseji bado atakwama kwenye hii. Weka na barua pepe hapo hapo, maana ukisahau PIN na hukuweka barua pepe, utakaa siku saba ukisubiri.

Halafu ingia Faragha. Picha, "mara ya mwisho kuonekana" na maelezo yako viweke vionekane kwa waliomo kwenye orodha yako ya namba tu, au visionekane na mtu. Sehemu ya vikundi nayo itoe kwenye "kila mtu". Wengi wanairuka hii, kisha wanaamkia kwenye grupu la "uwekezaji" la watu mia tatu wasiowajua. Ukiibana, asiye kwenye orodha yako atakutumia mwaliko, na una siku tatu za kuukubali au kuuacha ufe. Humo humo kwenye Faragha kuna simu: nyamazisha wapigaji usiowajua.

Tiki za bluu unaweza kuzizima, ila hutaona za wenzako pia, na kwenye grupu hazizimiki. Mwenyekiti akitaka kujua kama umesoma, atajua.

Jambo la mwisho ni vifaa vilivyounganishwa. Mtu akiishika simu yako dakika moja ikiwa wazi, anaweza kuiunganisha na kompyuta yake na kukusomea meseji bila wewe kugundua. Fungua orodha hiyo mara kwa mara. Kifaa usichokitambua, kitoe. Na simu yenyewe iwe na kufuli, la sivyo yote haya ni mapambo.

Mweka Hazina wa Kudumu

Spana kamaliza upande wa akaunti. Mimi naongeza magrupu, maana ndiko mzee atakakoshinda.

Kwenye grupu kila mtu anaiona namba yako, awe anakujua au la. Na kwetu huku namba ni zaidi ya namba: mtu akiingiza namba yako kama anataka kukutumia pesa, jina ulilosajilia laini kwa kitambulisho cha NIDA linamtokea kabla hajaweka PIN yake. Kujiita "Mkaidi" kwenye WhatsApp hakukufichi. Njia hiyo hiyo itumie kujilinda. Wezi wa michango wanaingia kwa linki ya grupu iliyosambaa, wanaweka picha ya mweka hazina na jina lake, kisha wanaandika: "Ile namba ina shida, tumieni hii." Picha na jina anaweka yeyote. Soma jina linalotokea wakati wa kutuma, na likiwa si lenyewe, acha, mpigie mhusika kwa namba uliyoizoea. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Sasa orodha ya michango. Ule mtindo wa kunakili orodha nzima, kuongeza jina lako chini na kuirusha tena unapoteza watu. Wawili wakinakili kwa pamoja, orodha ya wa pili haina jina la wa kwanza, na wote wanaofuata wananakili ile ya mwisho. Aliyetoa laki anasomwa hajatoa, na ugomvi unahamia msibani. Dawa: orodha aandike mtu mmoja tu. Kuhariri meseji mwisho ni dakika 15 tangu itumwe, kwa hiyo kila jioni atume orodha mpya, aibandike juu ya grupu (inakaa hadi siku 30) na kuibandua ya jana. Grupu likiwa la matangazo matupu, admini aliweke katika hali ya maadmini peke yao kutuma.

"Amina" na "Poleni sana" zikifika mia usitoke kwenye grupu, nyamazisha, chagua "daima". Meseji zinaingia kimya kimya, unazisoma kwa wakati wako. Ukitoka, wanaojulishwa ni maadmini tu, ila jina lako linabaki kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60. Kwenye ukoo hiyo inatosha kuitiwa kikao.

Bando la Wiki

Kwa GB 32 lazima nichangie. Kinachomaliza bando si kuchati, meseji ya maandishi ni nyepesi mno. Ni video zinazojipakua zenyewe. Mipangilio, Hifadhi na data, upakuaji wa moja kwa moja: ondoa tiki zote kwenye data ya simu, na kwenye Wi-Fi pia, kwa sababu Wi-Fi inaokoa bando lakini haiokoi hifadhi. Picha itakuja na ukungu, ukiitaka unaigusa.

Hapo hapo washa kupunguza matumizi ya data kwenye simu za sauti. Ndugu wa Uingereza atasikika vibaya kidogo, utavumilia. Zima pia kuonekana kwa picha kwenye gala ya simu (ipo chini ya Gumzo), la sivyo picha za kitchen party zitachanganyika na risiti zako.

Usafi: kwenye Hifadhi na data kuna sehemu ya kusimamia hifadhi, inakupangia faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Anza kufuta hizo. Meseji yenye mishale miwili imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Ikikwambia dawa ya presha au kazi za serikalini, ihurumie simu yako.

Kaa Chonjo

Facebook usiende mzee. Basi.

Spana Kumi

Kaa Chonjo, hilo ni jibu la nusu. Kwa salamu na picha za watu, nakubaliana nawe, hapotezi kitu. Lakini kwa mfugaji wa kuku au anayetafuta spea ya gari la zamani, vikundi vya Facebook vina majibu ya miaka mingi ambayo WhatsApp hayapo, kwa sababu kwenye WhatsApp aliyeingia leo kwa kawaida haoni yaliyoandikwa kabla yake. Akiwa na hitaji kama hilo aende, akishafunga haya.

Asikubali programu isome orodha ya namba za simu yake; ikisomwa, Facebook inajua watu wake wote, hata wasio na akaunti. Kwenye jinsi watu wanavyokupata, kutafutwa kwa namba na kwa barua pepe kuwe "mimi tu", maombi ya urafiki yatoke kwa marafiki wa marafiki, na injini za utafutaji zizuiwe. Orodha ya marafiki nayo iwe "mimi tu". Hii watu wanaidharau, kumbe ndiyo malighafi ya tapeli: ananakili jina na picha yako, anafungua akaunti ya pili, kisha anaombea pesa kwa wale wale aliowaona kwenye orodha yako. Orodha ikifichwa, hana pa kuanzia.

Akichoka, kuzima akaunti kwa muda si kuifuta. Kufuta kuna siku 30 za kungoja, na akiingia hata mara moja katika siku hizo anaweza kuusitisha ufutaji.

Mkaidi wa Pugu

Haya ndiyo majibu. Facebook naiweka kando, sina kuku. WhatsApp naona mlango una komeo, nitaingia. Lililobaki ni lile la namba kuonekana na wote kwenye grupu. Nikisajili laini ya pili kwa ajili ya magrupu tu, nikaitoa kwenye simu na kuiweka kabatini?

Mweka Hazina wa Kudumu

Kabatini hapana. WhatsApp itaendelea kufanya kazi bila laini kuwa ndani ya simu, hapo ndipo watu wanapojisahau. Laini isiyotumika muda mrefu mtandao unaifunga, na namba hatimaye inauzwa kwa mtu mwingine. Huyo akijisajili WhatsApp, tarakimu sita zinakwenda kwake, na magrupu yote bado yanamhesabu kuwa ni wewe.

Kama simu yako ni ya laini mbili, iache humo humo na uiwekee vocha ndogo mara kwa mara. WhatsApp ya Android inakubali akaunti mbili kwenye simu moja, kwa hiyo ya ndugu na ya magrupu zitakaa pamoja bila programu ya pembeni. Zote mbili ziwekee PIN, PIN tofauti.

Na kwa kuwa laini inasajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# uone namba zote zilizo chini ya jina lako. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho ikafungwe, kabla hata ya kupakua hiyo WhatsApp.