Tupeane uzoefu: kuna aliyeanza kuimba ukubwani kwa kufundishwa, akaweza?

Mleta uzi
Wakuu, habari za majukumu. Nina miaka thelathini na kitu na sijawahi kuimba popote zaidi ya bafuni. Nataka kutafuta mwalimu, ila jamaa zangu wananiambia sauti ni kipaji, hainunuliwi. Mlioanza sifuri mkafundishwa, ilikuwaje? Nataka yenu wenyewe, si ya kusimuliwa.

Besi la Nyuma
Niliingia kwaya ya parokia nikiwa mtu mzima, tena kwa kumfuata mchumba. Mwalimu akaniweka sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, kwa sababu walikuwa wachache. Wimbo ukipanda nakaza shingo mpaka mishipa inasimama, mazoezi yakiisha koo linawaka moto. Nikajua basi, sina sauti. Akaja mwalimu mwingine, akanisimamisha peke yangu pembeni ya kinanda, anapiga noti moja moja kushuka, mimi nafuata. Tulishuka hadi akacheka. "Wewe ni wa nne, besi kabisa, nani alikutupa huku?" Kilichobaki kilikuwa kujifunza kupumua kwa tumbo badala ya kuinua mabega. Mkuu, kabla hujakubali kwamba huna kipaji, pimwa sauti yako inaishia wapi juu na wapi chini.

Mama Wawili
Shida yangu ilikuwa sikio. Mwalimu anapiga "so", mimi natoa kitu kati ya "fa" na "so" na najiona niko sawasawa. Dawa yake: sikiliza, nyamaza, iimbe kichwani kwanza, ndipo utoe. Tulikaa kwenye do-mi-so tu mpaka nikaichukia. Na kila zoezi lazima nijirekodi kwa simu. Ukiimba, sauti yako inakufikia pia kupitia mifupa ya kichwa, kwa hiyo rekodi inakuja kama ya mtu mwingine kabisa. Mwanzoni nilikuwa naifuta kabla haijaisha. Leo naimba sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake. Solo sipewi na wala siombi, ila sitoki nje ya kii ya wimbo.

Pesa Yangu
Mimi nililipa, sikupata kitu. Tulijazwa darasani, ubaoni mistari mitano na majina ya noti, kozi imeisha mwalimu hajanisikia hata mara moja nikiimba peke yangu. Kusoma nota nilijua, kuimba hapana.

Besi la Nyuma
Hapo hukufundishwa kuimba, ndugu yangu.

Mtoto wa Madrasa
Niongezee la Unguja. Kuna chuo cha muziki, DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, wanafundisha taarab. Mimi sikusoma pale, nilifundishwa na mzee mpiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Nilidhani naanza sifuri, kumbe kasida na kisomo cha utotoni vilishanijenga sikio. Makamu, yaani ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama Bayati ina sauti ya katikati ambayo kinanda cha kawaida hakina, ukiitafuta pale utaambiwa umekosea. Kwenye udi ipo, maana shingo yake haina vikato kama vya gitaa. Angalia basi unataka kuimba nini, ndipo uchague mwalimu.

Mleta uzi
Asanteni. Na hizi habari za mayai mabichi na tangawizi kulainisha koo?

Mama Wawili
Chakula kina njia yake na hewa ina njia yake. Tangawizi haizigusi nyuzi za sauti, ingezigusa ungekohoa mpaka machozi. Kunywa maji mchana kutwa, si dakika mbili kabla ya kuimba. Yai kaanga ule.

Mtoto wa Madrasa
Jipime na hili pia: mtu akikosea wimbo wa taifa, unamsikia kwamba kakosea? Kama ndiyo, sikio unalo. Wapo ambao kweli hawatofautishi sauti ya juu na ya chini, ila ni wachache sana, na baadhi yao muziki wenyewe hauwavutii.

Mleta uzi
Namsikia, tena nakereka. Basi mwalimu natafuta, wa mmoja mmoja.

Besi la Nyuma
Kama uko Dar na sauti yako iko chini, njoo kwetu hata kabla hujampata. Besi tumebaki watatu, na mmoja anahamishiwa Dodoma.