Ohio tumepiga kura mara mbili kukataza mchezo wa mipaka, na bado tunachorewa. Nani ananijibu?

Wakuu, salaam. Nimekasirika, kwa hiyo atakayekuja kunisahihisha herufi aniache kwanza.

Leo nimeamka nakuta kwenye grupu letu la WhatsApp la Wabongo wa Columbus mtu katuma lile bango la kila mwaka, "Kura yako ndiyo sauti yako", bendera ya Marekani nyuma, na dole gumba kumi na mbili chini yake. Nikaandika jibu, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nimeona nilete huku, maana kule nitatolewa.

Mimi ni raia wa nchi hii tangu 2014. Napiga kura kila uchaguzi, mpaka ule wa bodi ya shule ambao majirani hawajui hata kama upo. Kwa hiyo lile la "mnaolalamika ndio hampigi kura" msinijie nalo. Napiga, ndiyo maana nina uchungu.

Sikieni ya Ohio. (Ohio yenyewe ni jimbo na ndani yake kuna majimbo ya uchaguzi. Tusichanganyane, hayo ya ndani nitayaita maeneobunge kama Wakenya.)

Kila baada ya sensa, yaani miaka 10, maeneobunge yanachorwa upya. Anayeshika kalamu ni mwanasiasa yuleyule ambaye chama chake kitagombea humo. Basi wapinzani wanakusanywa wajazane kwenye eneo moja, au wanakatwakatwa na kumwagwa kwenye maeneo manne ambako hawafui dafu hata moja. Mchezo wa zamani huu. Kimombo unaitwa gerrymandering, jina lililotokana na gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, aliyesaini ramani ya hivyo 1812, ikiwa na eneo moja lililojipinda mpaka magazeti yakalichora kama dude lenye mabawa na makucha. Gerry baadaye akawa Makamu wa Rais. Ndiyo adhabu aliyopata.

Na kabla hamjaanza: ndiyo, Democrat nao wanacheza, tazameni ramani ya Illinois. Sijaja kumpigia mtu debe.

Watu wa Ohio wakachoka. 2015 ikaletwa kura ya maoni kubadili katiba ya jimbo ili ramani za bunge la Ohio zichorwe kwa haki. Asilimia 71 wakasema ndiyo. 2018 ikaja nyingine, ya viti vyetu vya Congress, yaani bunge la taifa. Karibu asilimia 75! Nchi hii watu hawakubaliani hata kama leo ni Jumatatu, halafu robo tatu wanakubaliana kwenye jambo moja. Mimi nilikuwemo kwenye hiyo 75, nikarudi nyumbani najiona mtu.

2021 ndipo ramani za kwanza chini ya utaratibu mpya zikatoka. Tume ya kuchora ina wajumbe saba, wanasiasa watupu, watano wa Republican na wawili wa Democrat. Wakachora vilevile. Mahakama ya Juu ya Ohio ikazitupa. Wakachora tena, zikatupwa tena. Za bunge la jimbo zimetupwa mara 5, za Congress mara 2. Saba, wakuu! Na msiseme ni majaji wa upinzani, kura iliyoamua ilikuwa ya Jaji Mkuu Maureen O'Connor, Republican. Jamaa wakapiga danadana mpaka mahakama ya shirikisho, majaji wawili kwa mmoja, ikasema uchaguzi umeshafika, basi tumieni mojawapo ya zile zilizotupwa. Tukaenda vituoni 2022 na ramani ambayo mahakama ya kwetu ilishasema inavunja katiba. Republican wakabeba viti 67 kati ya 99 kwenye Baraza la Wawakilishi la Ohio na 26 kati ya 33 kwenye Seneti, katika jimbo ambalo Trump mwenyewe 2020 alipata asilimia 53 na ushei. O'Connor umri wake ukafika, akastaafu. Kesi imeisha.

Sasa hapo kaiba nani? Hakuna sanduku lililopotea njiani, hakuna karatasi iliyokutwa imeshapigwa alama. Kura zimehesabiwa vizuri kabisa, na matokeo yake yakawekwa kabatini. Hili ndilo linalonimaliza. Wizi wa masanduku ningeujua kwa kuutazama tu.

Mtaniambia niende Mahakama ya Juu ya taifa. 2019, majaji 5 kwa 4, walishasema hayo ni mambo ya siasa, mahakama za shirikisho haziyagusi. Mtaniambia Ohio ni bahati mbaya. Florida 2018 zaidi ya asilimia 64 walipiga kura waliomaliza vifungo warudishiwe haki ya kupiga kura. Mwaka uliofuata bunge lao likaweka sheria kwamba walipe kwanza faini na gharama zote za mahakama.

Nisiwe mnafiki, kuna mara moja kura ilituokoa. Bunge la Ohio lilipitisha sheria ya kufuta chaguzi nyingi za Agosti, eti ni gharama na watu hawajitokezi. Miezi michache baadaye hilohilo likaitisha uchaguzi wa Agosti 2023, kutaka mabadiliko ya katiba yahitaji asilimia 60 badala ya nusu na ziada, kwa sababu Novemba ilikuwa inakuja kura ya haki ya kutoa mimba. (Msimamo wenu kuhusu mimba kaeni nao, siyo mada.) Asilimia 57 tukakataa. Novemba ile ya mimba ikapita kwa karibu 57, fanyeni wenyewe hesabu ya 60. Lakini oneni tulichopata: tumeacha kazi katikati ya kiangazi kwenda kulinda utaratibu uliokuwepo tangu 1912. Siku hiyohiyo ya Novemba tukapitisha na sheria ya kuruhusu bangi. Kufika Desemba Seneti ikapitisha muswada wa kuibadilisha.

Sasa njooni 2024. O'Connor, akiwa mstaafu, akaongoza watu kuleta pendekezo jipya: tume ya raia, wanasiasa watoke kabisa. Saini zikapatikana. Ila maandishi yatakayosomwa na mpiga kura yanaandikwa na bodi ya jimbo, na mwenyekiti wake ni Katibu wa Jimbo, ambaye kwa cheo chake ni mjumbe wa ileile tume ya kuchora. Wakaandika kwamba pendekezo litafuta ulinzi uliowekwa 2015 na 2018, na kwamba tume mpya italazimika kuchonga mipaka kupendelea vyama. Yaani dawa ikabandikwa lebo ya sumu. Mahakama, majaji 4 kwa 3 safari hii, ikaacha sehemu kubwa ibaki.

Nilimpeleka mama mmoja jirani yangu, Mkongo wa Uvira, kura yake ya kwanza tangu apate uraia. Sheria ya Ohio inaruhusu kituo kimoja tu cha kura za mapema kwa kila kaunti, iwe yenye watu milioni na zaidi kama yetu, iwe ile ya watu elfu kumi na tatu. Foleni ilizunguka jengo, tumesimama karibu masaa matatu, mama kakaa kwenye kiti cha kukunja tulichokuja nacho. Kufika mbele nikamsomea lile andiko polepole kwa Kiswahili. Akanitazama. "Sasa mutoto yangu, nikisema ndiyo, niko nakubali bachore vibaya ao niko nakataza?"

Nikarudia mara tatu. Yeye alikuwa na wa kumrudia.

Pendekezo likaanguka, karibu 54 kwa 46. Wiki hiyo tuko kantini, jamaa mmoja ninayefanya naye kazi ghalani, Mmarekani wa kuzaliwa, ananiambia kwa furaha, "Tumewashinda, mimi nilipiga hapana, siwezi kuruhusu wachonge mipaka." Chakula kilinishinda. Sikumwambia kitu, ningemwambia nini?

Mama wa Uvira stika ya kupiga kura kaibandika kwenye friji hadi leo. Juzi kanipigia simu, anauliza Novemba tunatoka saa ngapi. Nitampitia, kile kiti kipo kwenye buti. Ila wewe uliyetuma bango, na nyie wa dole gumba kumi na mbili, semeni hapa chini ile ndiyo ya asilimia 75 imekwenda wapi, maana njiani ataniuliza.