Mrejesho: kutua helikopta ya rimoti mota ikiwa imezimwa (autoroteshoni)

Wakuu nimerudi, asanteni sana. Niliuliza kwa nini helikopta yangu, saizi 450, nikikata mota hewani inafika chini mapanga yameshaishiwa nguvu, inadondoka puu.

Aliyesema nishushe pichi (yaani pembe ya mlalo wa mapanga) chini ya sifuri palepale mota inapokatwa, ubarikiwe, hiyo ndo ilikuwa dawa yenyewe, maana hewa inayopanda toka chini ndo inazungusha mapanga. Saivi naweka kama digrii hasi 4, naelekea upepo unakotoka, nashuka kwa mshazari sio wima, karibu na ardhi navuta pua juu kuua spidi na hapohapo unasikia rota, yaani yale mapanga ya juu, inachangamka, naiweka sawa halafu ndo natumia pichi chanya taratibu mpaka miguu iguse.

Simuleta (programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha) nayo imesaidia, vidole vimezoea bila kuvunja kitu. Mapanga mazito yanatunza mzunguko, ila sio sana kivile kwa kadude kadogo hivi.

Kilichogoma ni siku upepo ukikosekana, bado inatua kwa kishindo na mguu mmoja umepinda. Mlionishauri nihamie helikopta kubwa zaidi, saizi 600, naelewa, mfuko ndo haujaelewa bado.