Naomba ushauri: ua wa pamoja wenye miti katika jengo la kupangisha

Ndugu zangu, mimi na wadogo zangu tunakusudia kubomoa nyumba ya urithi iliyopo Temeke, Dar es Salaam, na kujenga jengo la ghorofa tatu la kupangisha familia sita. Mchoro wa kwanza tulioletewa umejaza kiwanja chote zege na maegesho ya magari, jambo ambalo sikubaliani nalo, kwa sababu nyumba za Kiswahili za mji huu zimekuwa na ua wa nyuma ambako wapangaji hupika, hufua na kulea watoto kwa pamoja, na zege lisilo na kivuli huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, watu wanapotaka kulala.

Nimesoma habari za Bosco Verticale, majengo marefu ya makazi mjini Milan, Italia, yaliyokamilika mwaka 2014 yakiwa na miti ghorofani, lakini uzito wa udongo na gharama za kumwagilia haviendani na uwezo wetu. Ninachotaka ni ua wa katikati usiosakafiwa, ili maji ya masika yazame ardhini badala ya kufurika barabarani, pamoja na tangi la kuvunia maji ya paa.

Naomba waliojenga au wanaoishi katika nyumba za namna hii wanishauri: ni miti gani ya kivuli isiyopasua msingi wala kuingiza mizizi kwenye karo, na ipandwe umbali gani kutoka ukutani? Je, mkataba wa upangaji uelezeje zamu za usafi na mchango wa bustani, ili ua usije ukageuzwa maegesho taratibu?