Mbu wametumaliza: koili, ya kupuliza, ya soketi au losheni?

Mama_Pipeline
Habari zenu wadau. Wiki ya pili hatulali. Leo nimesimama kwenye rafu ya supamaketi nikabaki nikikodoa macho, dawa ni nyingi kuliko mbu wenyewe. Naogopa hizi kemikali. Gani haina madhara? Ijumaa nanunua.

Kiroboto
Nyumba ya namna gani? Kuna mtoto? Kuna mwenye pumu? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

JamaaWaSouthB
Losheni yenye DEET, ile kemikali ya kufukuza mbu, maneno kwisha. Jeshi la Marekani liliitengeneza 1946, raia wakaanza kujipaka 1957. Mngesikia mengi kama ingekuwa sumu ya kumaliza watu. Ila usishike miwani ya plastiki mkono ukiwa na dawa. Yangu ilibabuka.

Shosho_wa_Mitishamba
Kitu kinachobabua miwani ndicho unamshauri mwenzako apake mwilini? Achome majani ya mkaratusi.

JamaaWaSouthB
Shosho, dawa ya kutoa rangi ya kucha pia inayeyusha plastiki na bado mnaitumia. Na moshi wa mkaratusi ni moshi tu.

Mama_Pipeline
Pole, nilisahau. Mtoto ana wiki sita. Tuko bedsita, ghorofa ya kwanza, mtaro uko chini ya dirisha. Baba mtoto ana pumu.

Kiroboto
Yaani hayo ndiyo ulisahau?! DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili. Koili nayo futa kabisa: kuna watafiti waliopima koili moja wakakuta vumbi lake laini linalingana na la sigara 75 hadi 137. Katika bedsita, na mtu wa pumu! Nunua neti.

Kapteni_Tanki
Mimi nisikilizeni. Mwaka jana nilikuwa na tanki la samaki sebuleni, kumi na mmoja, wengine nimewalea tangu wakiwa wadogo kama ukucha. Jumamosi jioni nikapuliza ile dawa ya mkebe, nikafunga mlango, nikaenda kutazama mpira kwa jirani. Tanki sikulifunika, na ile pampu ya hewa ilikuwa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Narudi saa tano, wawili wanaogelea kiubavu, wanazunguka kama walevi. Asubuhi hakuna aliyebaki. Binti yangu hakunisemesha siku tatu. Baadaye ndipo nikasoma mkebe: kwa maandishi ya mchwa, "sumu kwa samaki na nyuki". Mbu? Walikuwepo usiku uleule.

Kiroboto
Pole Kapteni. Wenye paka pia wawe macho na permethrini, sumu ya wadudu iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizi, maini ya paka hayaiwezi.

Mkulima_Molo
Tatizo ni hizo za viwandani. Rudini kwa pareto yetu, lile ua la dawa ya wadudu, Kenya iliwahi kuongoza dunia. Jua likiipiga inaisha nguvu haraka, haikai kwenye mazingira.

JamaaWaSouthB
Pareto nayo inaua samaki vilevile mzee. Hizo za viwandani ziliigwa kutoka humo humo.

Mkulima_Molo
Kijana, mimi nimechuma pareto kabla hujazaliwa.

JamaaWaSouthB
Na sasa unalima nini?

Mkulima_Molo
Viazi.

Mama_Pipeline
Jamani neti nilishafikiria, landilodi hataki hata msumari mmoja darini.

Kiroboto
Kuna za watoto za kukunjua kama mwavuli, hazihitaji msumari. Nyinyi wakubwa jifunikeni. Na huo mtaro mwambie keateka auzibue, mbu wanazaliwa hapo.

Mama_Pipeline
Keateka anasema mtaro ni wa kanjo. Kanjo wanasema ni wa ploti.

Kapteni_Tanki
Samahani kuingilia. Kuna anayetaka tanki? Limekaa tu kwa balkoni tangu siku ile, bei tutaelewana.

Shosho_wa_Mitishamba
Lina maji?

Kapteni_Tanki
Ya mvua kidogo.